Upande wa Pili wa Sufuria

Saa sita na nusu mchana, Msewe, jirani na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Turubai la bluu limefungwa kwenye mirunda minne na jua limesimama utosini. Mwanga unaopenya turubai unapaka kila kitu rangi yake: wali ni wa bluu, sahani ni za bluu, hata mvuke unaopanda kutoka kwenye sufuria la maharage una ubluu ndani yake. Ukiinua simu upige, simu inajirekebisha yenyewe. Inaurudishia wali weupe wake, na papo hapo uso wa mama anayepakua unapauka, unakuwa wa kijivu kama wa mtu aliyeinuka kitandani baada ya wiki nzima ya malaria. Nilipiga picha nyingi za namna hiyo kabla sijang'amua kinachotokea. Kati ya wali na mpishi, simu ilikuwa inachagua wali.

Siku hizi naanza na uso wake. Nabonyeza hapo, nafunga mwanga hapo, ndipo napiga. Wali ukitoka na ubluu, na utoke nao, ndivyo ulivyokuwa.

Nayasema haya kwa sababu picha za mama ntilie zimejaa mitandaoni na nyingi zinafanana. Ziko za sahani: wali, maharage, mchicha, kipande cha samaki, pilipili pembeni, zimepigwa kwa karibu ili mtazamaji ameze mate. Ziko za moshi na masizi, mama ameinama kwenye mafiga huku macho yakimtoka machozi, ambazo hupambia taarifa za umaskini na ajira isiyo rasmi. Ukizitazama vizuri utagundua kwamba aina zote mbili zimepigwa mahali pamoja, yaani kwenye benchi la mteja. Mpigaji amekaa, amesubiri chakula chake, ameinua simu. Hakuzunguka kwenda upande wa pili wa sufuria.

Jina lenyewe lilitoka upande huohuo. "Mama ntilie" ni sauti ya mwenye sahani: mama, nitilie. Kazi nzima ya mwanamke huyu, kuanzia kununua mchele hadi kuzima moto, imepewa jina kwa sentensi ya mtu mwenye njaa aliyesimama mbele yake. Baadaye likaja "mama lishe", jina la heshima zaidi, ndilo linalotumika kwenye hotuba na kwenye fomu za mikopo ya halmashauri. Mimi nalipenda lile la kwanza kwa sababu lina maisha, lakini nakiri kwamba linamwona mama kwa jicho la anayelishwa. Kamera zetu zimerithi jicho hilo.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 Mtaa wa Lumumba kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London, kikahamia kilimani mwaka 1964, na mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kamili cha taifa. Kuhamia kilimani kulikuwa na maana mbili, kupanda mlima na kujitenga na watu, na ile ya pili ilimkera Mwalimu Nyerere. Oktoba 1966 wanafunzi walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, aliwarudisha nyumbani karibu 400. Hofu yake ilikuwa kwamba kinazaliwa kilimani kundi la wasomi lisilojua watu wa chini wanakula nini. Enzi hizo mwanafunzi alilishwa na serikali: aliingia kafteria, akapewa chakula, akaondoka. Hakuwa na sababu kubwa ya kuteremka.

Miaka ya 1990, sera ya kuchangia gharama ilipoingia vyuoni, mambo yalibadilika. Mwanafunzi akawa anapewa pesa badala ya sahani, na pesa ina miguu. Bodi ya Mikopo ilipoanza kazi mwaka 2005, fungu la kujikimu, lile ambalo kila mwanafunzi analiita bumu, likawa ndiyo mafuta ya uchumi mzima wa Savei, Msewe, Changanyikeni na Makongo. Likitoka, vibanda vinachangamka hadi usiku, kuku anaonekana kwenye sahani, chipsi zinaagizwa na mayai mawili. Likichelewa, watu wanarudi kwenye wali maharage, wengine wanaomba mchuzi uongezwe ili wali ushibishe. Hata sasa kiwango kilipopandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, mama hahitaji kusoma gazeti kujua kama pesa imeingia. Anaiona kwa wanachoagiza.

Hapo ndipo ninaposema kwamba vibanda hivi ni sehemu ya chuo, kama zilivyo kumbi za mihadhara na vile vimbweta vya zege chini ya miti. Silisemi kwa kuwasifu tu akina mama. Nalisema kwa sababu kuna kazi ya chuo inayofanyika pale ambayo darasani haifanyiki vizuri.

Fikiria lugha. Mhadhara Mlimani, ukiacha masomo ya Kiswahili, ni kwa Kiingereza. Mwanafunzi aliyesoma shule ya kata Kibondo au Liwale anakaa saa mbili mfululizo akinukuu, na mengine anayanukuu bila kuyaelewa. Kisha inafika saa sita na nusu, wanateremka watano, wanakaa kwenye benchi moja, na kabla sahani hazijafika mmoja anasema, "Hivi yule mzee alikuwa anamaanisha nini pale kwenye unyumbufu wa mahitaji?" Nimelisikia jibu kwa masikio yangu. Kijana mmoja wa mwaka wa pili alichukua kibakuli cha pilipili. Akasema mama akipandisha bei ya samaki kwa mia tano, ninyi nyote mtahamia kwenye maharage kesho. Akipandisha bei ya wali, mtalalamika lakini mtakula tu. Basi, mahitaji ya samaki yananyumbuka, ya wali hayanyumbuki. Wote wakacheka, wakaelewa, na mama aliyekuwa anapakua akadakia: "Na mimi ndiyo maana sipandishi samaki, mwanangu." Nilikuwa na kamera mapajani. Sikupiga, nilikuwa nasikiliza, na ninajuta mpaka leo kwa sababu ile ndiyo picha niliyokuwa naitafuta: watu watano wameinamia kibakuli cha pilipili kana kwamba ni kitabu.

Vilevile fikiria vyakula. Mlimani wanakutana watu wa Bukoba, Pemba, Songea, Kigoma na Moshi, kila mmoja na mdomo wake uliozoea vya kwao. Ni kwenye kibanda ambapo kijana wa Kagera anakula kisamvu cha nazi kwa mara ya kwanza, na binti wa Unguja anagundua kwamba kuna watu wanaokula makande kwa hiari. Halafu polepole wote wanazoea sahani moja: wali au ugali, maharage, mboga ya majani, kitoweo kama pesa ipo, kipande cha tunda. Sahani hiyo haina kabila. Hakuna wizara iliyoibuni; imepimwa na akina mama kwa miaka mingi, kwa mkono, kwa kuangalia kinachobaki kwenye sahani zikirudi. Kuhusu pilau ya Ijumaa sina la kuongeza, mwenye kuijua anaijua.

Kisha kuna daftari.

Kila kibanda kilichodumu kina daftari la madeni. La mama mmoja ninayemfahamu ni kaunta buku yenye gamba jekundu, limechakaa pembe na lina alama za mafuta ya alizeti. Majina yaliyomo ni ya kwake mwenyewe, siyo ya kwenye kitambulisho cha chuo: "Sheria mrefu", "Miwani wa uhandisi", "Yule mpole wa Mabibo", "Rafiki yake Mpole". Mbele ya kila jina kuna vijistari na tarakimu, na aliyelipa anakatwa kwa mstari mmoja ulionyooka. Mwenye kulisoma daftari lile angejua ni wiki gani bumu lilichelewa, nani alikuwa anasaidiwa na nani, nani aliacha kula mchana. Ni kumbukumbu ya ustawi wa wanafunzi ambayo ofisi yoyote ingeitamani.

Nilimwomba nilipige picha. Akaweka kiganja juu ya ukurasa. "Hapana. Humu mna aibu za watoto wa watu." Sikubishana naye. Nikauliza kama naweza kupiga hivyohivyo, na mkono wake juu. Akafikiri kidogo, akasema sawa. Kiganja kina kovu la mvuke karibu na kidole gumba, na kwenye kucha kuna unga uliokauka. Chini yake unaona pembe ya ukurasa na tarakimu tatu zisizo na mwenyewe. Kati ya picha zangu zote za vibanda, hiyo ndiyo inayoeleza zaidi, na imeeleza kwa sababu alinikatalia.

Suala la kukubali na kukataa linanipeleka mbali kidogo, kwenye studio. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20, wapiga picha wa Zanzibar kama A. C. Gomes na ndugu Coutinho waliuza postikadi nyingi za watu wa pwani. Mwanamke alisimama, akapigwa, na chini yake pakaandikwa aina yake: mwanamke wa Kiswahili, mchuuzi, mchukuzi. Jina halikuwapo. Baadaye zikaja studio za mitaani kwetu, kama Capital Art Studio aliyoianzisha Ranchhod Oza huko Zanzibar mwaka 1930, ambako watu waliingia kwa miguu yao, wamevaa walichokichagua, wakalipa, wakaondoka na picha. Mmoja alipigwa ili auzwe, mwingine alipigwa ili ajione. Picha nyingi za mama ntilie tunazopiga leo, pamoja na simu zetu za bei mbaya, zimerudi kwenye ile postikadi. Chini yake tunaandika "mama lishe akiwa kazini", basi.

Na mama mwenyewe anataka studio. Jaribu kuomba ruhusa kwa heshima, "Shikamoo mama, naomba nikupige picha," uone. Atafuta mikono. Atavua aproni. Atasema, "Subiri nibadilishe kanga." Ataondoka mbele ya sufuria, mahali ambapo wewe uliona picha, akasimame ukutani, mikono ubavuni, uso umetulia, hatabasamu. Wapiga picha wengi, na mimi nikiwemo kwa miaka, hukata tamaa hapo. Tunataka mvuke, tunataka upawa hewani, tunataka jasho. Yeye anataka kuonekana kama mtu aliyeheshimiwa. Tunamwita asiye asilia. Lakini nani amesema jasho ndilo asili yake na kanga safi siyo? Siku hizi naanza na picha anayoitaka yeye. Naipiga vizuri, kwa uangalifu uleule, na nampelekea imechapishwa. Ya pili, ya kazini, naipiga baada ya hapo, akiwa ameshanizoea, naye hunisogezea mwenyewe kigoda nikae upande wake wa sufuria.

Na ukikaa upande wake unaona mengine kabisa. Unaona kwamba anapima wali kwa bakuli la plastiki, analishindilia kwa mgongo wa kijiko, analipindua kwenye sahani, linatoka kichuguu. Lakini kwa mtu aliyemwona amekonda wiki hii, halipindui mara moja tu, anaongeza kijiko kingine bila kusema. Unaona ukoko umetengwa kwenye hotpoti ndogo kwa ajili ya anayeupenda. Unaona mabango yake kutoka nyuma: karatasi ya "Leo kuna" na kibandiko cha lipa namba. Zaidi ya yote unaona yanachokiona macho yake kutwa nzima, nyuso za vijana walioshika sahani, na kwa mara ya kwanza wateja ndio wanaopigwa picha.

Nina deni la kulisema hapa. Miaka kadhaa iliyopita niliweka mtandaoni picha ya kibanda kimoja ambayo niliipenda mno kwa mwanga wake. Pembeni, chini, kulikuwa na beseni la kuoshea vyombo, saa tisa alasiri, maji yamechafuka kama yanavyochafuka maji ya kuoshea popote. Mimi sikuliona. Watu waliliona kabla ya kitu kingine. Maoni yakaanza, mtu akataja mtaa, siku mbili baadaye wateja wakapungua. Nilikwenda kuomba radhi. Mama hakunifokea. Alisema tu, "Ulipiga beseni, mwanangu. Mimi hukunipiga." Niliifuta picha, lakini ilikuwa imeshasambaa. Tangu hapo nakagua pembe nne za kila picha kabla ya kuionyesha kwa mtu, na mtu wa kwanza kuonyeshwa ni mwenye kibanda.

Sheria nayo imefika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na picha inayomtambulisha mtu ni taarifa yake. Wanafunzi wa uandishi wa habari na wa sanaa wanaotumwa na walimu wao "mkapige maisha ya mtaani" wafundishwe hilo kabla ya kufundishwa mwanga. Ila ridhaa ya kweli haipatikani kwa fomu iliyoandikwa Kiingereza na kusainiwa juu ya meza yenye mafuta. Inapatikana kwa kurudi. Nenda mara ya kwanza ukale. Nenda mara ya pili ukale. Mara ya tatu nenda na kamera.

Kuna anayeniuliza kwa nini nahangaika, vibanda si vipo siku zote? Havipo siku zote, na hilo ndilo linaloniuma. Mwaka 1983, chini ya Operesheni Nguvu Kazi, wachuuzi wadogo walikamatwa na kusafirishwa vijijini kama watu wasio na kazi. Kipindupindu cha mwaka 2015 kilipoingia Dar es Salaam, uuzaji wa vyakula barabarani ulipigwa marufuku. Desemba 2018 vikaja vitambulisho vya wajasiriamali vya shilingi 20,000, na wengi wakapumua. Oktoba 2021 machinga wakaondolewa barabarani, na vibanda vya chakula vikaenda nao. Kibanda nilikokuwa nakula mwaka wangu wa kwanza chuoni hakipo. Mahali pake ni hifadhi ya barabara, nyasi na nguzo ya taa. Sina picha hata moja ya mahali pale, kwa sababu nilipokuwa nakula pale kila siku sikuona kitu cha kupiga.

Sisemi kwamba kila kibanda kibaki kilipo. Barabara zinahitajika, maji safi yanahitajika, na mama mwenyewe ndiye wa kwanza kutaka bomba la karibu pamoja na choo chenye mlango. Hata jiko linabadilika: mkakati wa taifa uliozinduliwa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034, na tayari mitungi ya gesi imeanza kusimama pembeni ya majiko ya mkaa. Wali wa kupalia moto juu ya mfuniko, wenye ule ukoko, huenda tukausimulia tu. Moshi ukiondoka machoni mwa mama, nitashangilia. Lakini mtu fulani awe amepiga picha ya jinsi ilivyokuwa, na aandike tarehe.

Ninachokipendekeza si kigumu. Maktaba ya chuo, ile ya zamani na ile mpya iliyofunguliwa mwaka 2018, ina mkusanyiko wa East Africana, unaotunza maandiko ya eneo hili lote la Afrika. Picha za vibanda vya Msewe, Savei na Changanyikeni zina haki ya kuwa mle, zikiwa na jina la mwenye kibanda kama ameridhia, mwaka alioanza, bei za siku ile, na ramani ndogo ya mahali kilipokuwa. Kila mwaka wanafunzi wachache wapewe kazi hiyo. Bei peke yake, zikisomwa kwenye karatasi za "Leo kuna" za miaka 20, zitamfundisha mwanauchumi jambo. Na picha moja ichapishwe ya ziada, ibaki kibandani.

Mwezi uliopita nilimpelekea yule mama wa kaunta buku picha zake mbili, moja amesimama ukutani na kanga mpya, nyingine ya kiganja. Ile ya kanga aliifunga kwenye mfuko wa nailoni akaiweka ndani ya pochi, ya nyumbani hiyo. Ile ya kiganja aliigeuza akaona nyuma hakuna kitu. Akaniomba kalamu. Aliandika majina yake yote matatu, taratibu, halafu tarehe, halafu chini yake: wali maharage 1,500, wali samaki 3,000. Alinirudishia akasema hiyo ya chuo, nikaipeleke mimi. Jina alilonipa lipo nyuma ya picha, mahali alipoamua mwenyewe liwe, kwa hiyo silitaji hapa. Kisha akaniuliza kama nimekula.